Tatingi kwa uzi namba 80: lesi ya ukingo wa kitambaa cha mkono, hatua kwa hatua

Mtu aliyezoea kroshia, ile ya vitambaa vya makochi na meza, akishika lesi ya tatingi huanza kutafuta cheni zake, asizione. Hazimo. Tatingi haifumwi, inafungwa. Yote ni mafundo, moja baada ya jingine, yaliyopangwa juu ya uzi mmoja unaopita katikati. Mafundo yakitosha, ule uzi wa katikati unavutwa na mstari unajikunja kuwa pete. Pete, mnyororo na kitanzi: lesi nyingi unazoziona zinatokana na hivyo vitatu.

Mwongozo huu ni wa uzi mwembamba, namba 80. Kama hujawahi kushika shato, kile kifaa cha kubebea uzi, usiruke hatua ya kwanza. Fundo lililokosewa kwenye uzi mnene linafumuliwa kwa ncha ya sindano. Kwenye namba 80 kulifumua ni kazi ya macho na subira, na mara nyingi utaishia kushika mkasi.

Vifaa

Shato ni kifaa kidogo cha kutosha kiganjani, chenye umbo la mtumbwi: mabamba mawili yaliyounganishwa katikati kwa kinguzo, na uzi unazungushiwa kwenye kinguzo hicho. Ya plastiki inatosha kabisa. Angalia ncha zake tu. Kwa uzi mwembamba lazima zigusane sawasawa, kiasi kwamba ukivuta uzi unasikia unavyokwaruza ukipita. Zikiwa wazi, shato itajifungua yenyewe kila ukiiachia, nawe utashinda unakunja uzi. Usiijaze hadi uzi utokeze nje ya mabamba. Unachafuka na kukwama.

Uzi: namba ikipanda, unene unapungua. Namba 10 ni ule wa vitambaa vya meza, 20 na 40 ni wa kati, na 80 unakaribia uzi wa kushonea nguo. Kampuni ya uzi ya DMC wanao Special Dentelles 80, bonge la gramu 5 lenye kama mita 97, na uzi wa chapa ya Lizbeth nao upo wa namba hiyo hiyo, ila usitegemee unene wa kampuni mbili kulingana sawasawa. Kazi moja, uzi wa kampuni moja. Ukikosa hizo, uzi wa cherehani wa pamba halisi unafaa. Poliesta iache. Inateleza, mafundo hayatulii, na pete ukishaifunga inajilegeza tena.

Ongeza sindano ya kroshia ya chuma ya milimita 0.5 au 0.6, sindano nyembamba ya shanga, mkasi wenye ncha kali, na kipande cha kadi ngumu. Kaa karibu na dirisha, mwanga ukitokea kushoto kwako kama unatumia mkono wa kulia, ili kivuli cha mkono kisiangukie kazi. Kitambaa cheusi mapajani chini ya uzi mweupe kinasaidia macho kuliko miwani ya bei. Wanaoishi pwani wanajua shida ya jasho: nawa, kausha, weka taulo ndogo pembeni. Kuna wanaopaka poda mikononi. Mimi siipendi, inaingia kwenye mafundo na lesi inakuwa na rangi ya vumbi kabla hata haijaisha.

Hatua ya 1: nyuzi mbili za rangi tofauti

Chukua uzi mnene, namba 10, mweupe na mwekundu. Zifunge pamoja ncha kwa ncha. Mwekundu uende kwenye shato, mweupe ndio utakaozunguka mkono wa kushoto. Kuanzia hapa nitauita mmoja uzi wa shato na mwingine uzi wa mkono.

Bana kiungo cha nyuzi hizo kwa kidole gumba na cha shahada vya kushoto. Uzi mweupe upitishe juu ya vidole vitatu vilivyobaki, uuzungushe nyuma, uurudishe kwenye kibano. Umepata duara. Uzi wa shato uachie urefu wa shubiri kati ya kibano na shato.

Nusu ya kwanza ya fundo: uzi wa shato upite juu ya mgongo wa vidole vya kulia. Ingiza shato chini ya uzi wa mkono, kati ya kidole cha shahada na cha kati, kisha irudishe kwa juu yake. Vuta.

Nusu ya pili: safari hii uzi wa shato hauzungushwi kwenye mkono, unaning'inia tu. Pitisha shato juu ya uzi wa mkono, irudishe kwa chini. Vuta. Nusu mbili ndizo fundo moja kamili.

Hatua ya 2: fundo lihame

Hapa ndipo wengi wanapoiacha tatingi. Ukishapitisha shato, uzi wa shato ndio uliojizungusha kwenye uzi wa mkono, yaani mwekundu umejifunga juu ya mweupe. Ukikaza hivyo hivyo umepata fundo la kawaida, lisilosogea, na pete haitafungika milele. Inatakiwa kinyume chake.

Fanya hivi. Kabla ya kukaza, legeza kidole cha kati cha kushoto, uzi wa mkono ulale kabisa. Sasa nyoosha uzi wa shato kwa mkono wa kulia, uwe kama waya. Utaona kitu kinaruka: ule mzunguko mwekundu unanyooka, na mweupe unajikunja juu yake. Mwekundu ukiwa bado umenyooka, inua kidole cha kati taratibu. Nusu fundo jeupe litateleza hadi kwenye kibano. Mkono wa kulia unabaki umekaza muda wote. Ukilegeza kulia kabla ya kushoto, fundo linarudi lilikotoka.

Kisha jaribu: vuta uzi wa shato kidogo mbele na nyuma. Ukiteleza ndani ya fundo, fundo limehama. Ukikataa, halikuhama, na lifumue sasa hivi, si baada ya mengine matano. Faida ya rangi mbili ni hiyo: mstari mzuri ni mweupe mtupu, na doa lolote jekundu linakuonyesha kosa lilipo.

Funga mafundo hivyo hadi mkono ujiendeshe wenyewe. Hapo shuka kwenye namba 40, kisha 80. Kwenye 80 macho hayatakwambia kama fundo limehama. Utategemea ule mtelezo vidoleni, ndiyo maana nasisitiza ujaribu baada ya kila fundo.

Hatua ya 3: vitanzi

Kitanzi ni uzi ulioachwa wazi kati ya fundo na fundo. Ukimaliza fundo, anza jingine likiwa mbali kidogo, kisha lisogeze mpaka ligusane na la nyuma; uzi uliobaki utasimama. Nafasi ya milimita 4 inatoa kitanzi cha milimita 2. Usikadirie kwa jicho. Kata kadi yenye upana wa milimita 4, iweke kati ya mafundo kila mara. Katika uzi mwembamba, vitanzi visivyolingana huonekana kuliko kitu kingine chochote.

Hatua ya 4: pete ya kwanza

Usikate uzi kutoka kwenye bonge. Jaza shato, vuta uzi mwingine kidogo, na anza pete hapo katikati ya shato na bonge; duara la mkononi lizungushe kwa uzi wa upande wa shato, ule wa bonge ukae pembeni. Hivyo mwanzo hautakuwa na ncha za kuficha.

Pete yetu ni 5–5–5–5: mafundo matano, kitanzi, matano, kitanzi, matano, kitanzi, matano. Duara la mkononi likianza kubana, vuta upande wa chini wa uzi wa mkono ulipanue.

Kufunga: toa vidole, bana mafundo yote kwa kushoto, vuta uzi wa shato polepole kwa mstari ulionyooka. Ukikwama, acha. Namba 80 haisamehe mvuto wa ghafla. Uzi hukatikia ndani ya pete na kazi imekwisha. Tandaza mafundo kwa kucha, tafuta lililokaza, lilegeze kwa ncha ya sindano, kisha endelea. Pete nzuri ya mafundo 20 kwa uzi huu ina upana wa kama nusu sentimita, kutegemea mkono wako.

Na kama umeshaifunga ndipo ukaona umehesabu vibaya? Shika mafundo mawili ya kila upande wa kitanzi cha mwisho, yatanue. Uzi wa katikati utajitokeza kidogo. Udake kwa sindano, uvute, na usogeze ulegevu huo hadi kwenye mdomo wa pete. Inafunguka. Fanya mara moja, labda mbili, maana uzi huota manyoya.

Hatua ya 5: geuza, fanya mnyororo

Geuza kazi, pete ielekee chini. Sasa uzi wa bonge ndio uzi wa mkono: upitishe juu ya vidole vya kushoto na uuzungushe kwenye kidole cha mwisho usiteleze. Hakuna duara safari hii. Mafundo ni yale yale, na uzi wa shato ndio ulio ndani.

Mnyororo wetu ni 5–5. Ukimaliza, vuta uzi wa shato mafundo yabanane na mnyororo upinde kidogo. Kila mnyororo ulingane na uliotangulia. Mmoja ukivutwa zaidi, ukingo mzima utaonekana kama umeliwa na panya.

Hatua ya 6: kuunga

Geuza tena, anza pete ya pili: mafundo matano. Mahali pa kitanzi cha kwanza, unaunga. Leta kitanzi cha mwisho cha pete iliyopita juu ya uzi wa mkono, ingiza kroshia kwenye kitanzi hicho, chomoa uzi wa mkono kwa juu kama tundu dogo, pitisha shato ndani yake, kisha kaza tundu lirudi kwa kuinua vidole. Jaribu mtelezo. Halafu endelea 5–5–5 kama kawaida, maana kiungo hakihesabiwi kuwa fundo.

Kuunga namna hii, kazi ikiendelea, kulikuja Ulaya katikati ya karne ya 19. Kabla ya hapo pete zilifanywa mojamoja, kisha zikaunganishwa kwa sindano na uzi. Ukishafunga pete kadhaa za namba 80 utawahurumia waliofanya hivyo.

Rudia: pete, geuza, mnyororo, geuza. Kila uzi wa shato unapoanza kujisokota, iachie shato ining'inie izunguke yenyewe. Uzi uliojisokota hauhamishi fundo. Shato ikiisha, unganisha uzi mpya kwenye shina la pete, pale mwanzo na mwisho wake vinapokutana, kamwe si katikati ya pete.

Hatua ya 7: kupima na kukata kona

Fanya sampuli ya pete kumi kwanza, ipime kwa rula, ndipo upige hesabu ya upande mmoja wa kitambaa. Usichukue idadi ya mtu mwingine. Mkono unaokaza na unaolegeza hutofautiana kwa sentimita kadhaa kwenye upande mmoja.

Pete zitakaa upande wa kitambaa, minyororo nje. Kwenye kona, minyororo mitatu ifanye 8–8 badala ya 5–5, lesi ifunguke kama feni na isijikunje. Ikibaki na mkunjo, ongeza fundo moja kila upande.

Mnyororo wa mwisho unaishia kwenye shina la pete ya kwanza. Kabla ya mafundo yake manne ya mwisho, laza kipande cha uzi kilichokunjwa mara mbili sambamba na uzi wa ndani, mkunjo ukielekea unakomalizia, na yafunge mafundo hayo juu yake. Kata nyuzi za shato na bonge, zifunge kwenye shina, pitisha ncha moja ndani ya mkunjo, vuta mikia: ncha inazama ndani ya mafundo. Ncha ya pili ifiche kwa sindano ya shanga. Pete ya mwisho na ya kwanza zishikanishe kwa mshono mmoja kwenye vitanzi vya pembeni.

Hatua ya 8: kunyoosha na kushonea

Fua kwa sabuni laini na maji ya vuguvugu. Tandaza ikiwa mbichi juu ya ubao uliofunikwa taulo, piga pini kwenye kila kitanzi cha mnyororo. Pini ziwe zisizoshika kutu. Doa la kutu kwenye lesi nyeupe halitoki kwa urahisi.

Ukitaka isimame, paka wanga wa muhogo uliopikwa mwepesi kama maji ya uji, kwa brashi, si kwa kuzamisha. Wapo wanaotumia maji ya sukari. Inakauka ngumu na inang'aa, na sisimizi watakuja kuisifia kabla ya wageni.

Ikikauka, pinda ukingo wa kitambaa kwa mkono, kisha shonea kitanzi cha katikati cha kila pete kwa mshono mmoja mdogo, ukipitisha sindano ndani ya pindo kutoka pete hadi pete. Anzia kona nne, ziweke sawa, halafu jaza katikati. Ukianzia upande mmoja na kuzunguka, kona ya mwisho itakudai pete mbili ambazo hukuzifunga.