Kifaa Kilichokuumiza Kisiondoke Nyumbani: Mwongozo wa Kudai Fidia kwa Tunaoishi Uingereza

Anayeumizwa na chombo cha umeme nchini Uingereza ana sheria nzuri upande wake, lakini sheria hiyo inamdai kitu kimoja ambacho wengi wetu tunakipoteza katika siku za mwanzo, nacho ni chombo chenyewe. Onyo hili linatangulia mengine yote: kifaa kilichokuunguza, kilichokupiga shoti au kilichokulipukia kisitoke mikononi mwako, hata kama muuzaji amekuja na gari lake na maneno matamu.

Mimi liliniunguza jiko la presha la umeme, mfuniko ulipofyatuka huku mvuke ungali ndani. Kampuni iliyoniuzia ilikuwa na adabu nyingi: iliniomba radhi, ikanirudishia bei yote, ikatuma mtu kulichukua jiko “kwa ajili ya ukaguzi”. Baadaye, nilipodai fidia ya jeraha, bima ya mtengenezaji ilijibu kwamba haina la kusema mpaka mtaalamu wake akione kifaa, na muuzaji akajibu kwamba kilikwishapelekwa kwenye taka za umeme. Risiti nilikuwa nayo, barua ya hospitali nilikuwa nayo, picha za vidonda nilikuwa nazo. Dai likafia hapo.

Ili uelewe kwa nini lilikufa, tazama Sheria ya Ulinzi wa Mlaji ya mwaka 1987. Haikutaki uthibitishe uzembe wa mtengenezaji. Inakutaka uonyeshe kwamba umeumia, kwamba kifaa kilikuwa na kasoro, yaani usalama wake ulikuwa chini ya ule ambao watu kwa jumla wana haki ya kuutarajia, na kwamba kasoro hiyo ndiyo iliyokuumiza. Jeraha lina daktari wa kulishuhudia, lakini kasoro haina shahidi mwingine ila kifaa. Upande wa pili utasema ulikijaza kupita kiasi, ulikiangusha, ulikichomeka kwenye soketi mbovu, na bila kifaa hutakuwa na la kuwajibu zaidi ya neno lako.

Mtego unanasa kwa sababu kuna sheria mbili zinazovutana. Sheria ya Haki za Mlaji ya mwaka 2015 inampa mnunuzi haki ya kurudisha kitu kibovu ndani ya siku 30 na kupewa fedha zake zote, na baada ya hapo haki ya kutengenezewa au kubadilishiwa kwanza. Ukiifuata hiyo peke yake, unakabidhi kifaa ili upate bei yake, na kwa kukikabidhi unaipoteza fidia ya mwili wako. Jeraha likiwa la maana, bei ya kifaa na ingoje. Mwandikie muuzaji kwamba unakihifadhi kwa uchunguzi, na kwamba mtaalamu wake anakaribishwa kukikagua hapo kilipo, wakili wako akijua. Usikubali ahadi ya simu kwamba kitarudishwa. Usitie saini karatasi yoyote inayosema malipo uliyopewa ni ya mwisho na yanamaliza madai yote; karatasi hiyo huletwa pamoja na hundi ndogo, mara nyingi kabla hata kidonda hakijakauka.

Kihifadhi kama kilivyo. Usikioshe, usikifungue, usibadilishe fyuzi wala waya, usijaribu kukiwasha tena uone. Kipige picha kila upande, pamoja na lebo yenye namba ya modeli na plagi yake, kisha weka pamoja boksi, kijitabu cha maelezo na mabaki yote. Kama ni mali ya mwenye nyumba, mwandikie siku hiyohiyo kwamba kisiondolewe.

Hapa nina neno kwa ndugu zetu, nalisema kwa upendo. Shemeji aliye fundi hodari asikiguse, kwa kuwa bisibisi yake itakuwa jibu la kwanza la wakili wa kampuni. Shangazi anayesubiri kontena asitumiwe kifaa hicho “wakamtengenezee huko”; utakuwa umepoteza ushahidi, na umempelekea hatari ileile mtu usiyetaka aumie. Wapo pia wanaokushauri uachane na dai usije ukaharibu makaratasi yako ya uhamiaji. Fidia ya jeraha si msaada wa fedha za umma, na kuidai ni jambo la madai, si la jinai. Nao walio nyumbani wanaohesabu mamilioni waelezwe mapema kwamba fidia huku hupimwa kwa ukubwa wa jeraha na kipato kilichopotea.

Jamii ya Waingereza husema pole kwa wepesi na kukubali kosa kwa uzito, nasi tuliolelewa kuamini kwamba anayekuomba radhi amekwisha kukiri, tunalegea mapema mno. Tena huku kitu kikiharibika hutupwa, hakuna anayekitazama mara ya pili, na desturi hiyo huwafaa wenye viwanda kuliko inavyomfaa mlaji. Kumbukeni moto wa jengo la Grenfell, London, tarehe 14 Juni 2017, ulioua watu 72. Ulianzia kwenye jokofu katika jiko la ghorofa ya nne, na minong'ono ikamwelekea mpangaji wake, mhamiaji kama sisi. Mabaki ya jokofu yalichunguzwa na wataalamu, na ripoti ya kwanza ya tume ya uchunguzi, mwaka 2019, ikasema waziwazi kwamba mpangaji huyo hana lawama.

Mengine ni mepesi. Nenda hospitali mara moja, useme ni kifaa gani kilikuumiza na namna gani ili iandikwe kwenye kumbukumbu. Hapa hakuna PF3 wala P3 ya kutafuta polisi kwanza. Toa taarifa kupitia Citizens Advice, shirika la kuwashauri wananchi, ambao huifikisha kwa Trading Standards, maofisa wa halmashauri wanaosimamia haki za walaji na usalama wa bidhaa. Angalia kwenye tovuti ya serikali kama kifaa kimeagizwa kurudishwa kiwandani.

Wa kudaiwa ni mtengenezaji, aliyebandika jina lake kwenye bidhaa, au aliyeiingiza nchini. Muuzaji ukimwuliza ni nani hao naye asikutajie kwa muda unaofaa, hubeba dhima yeye mwenyewe, kwa hiyo mwulize kwa maandishi. Maneno ya kwenye kijitabu kwamba kampuni haiwajibiki kwa jeraha hayana nguvu mbele ya sheria hii. Vitu vya nyumbani vilivyoungua navyo hudaiwa endapo hasara yake imezidi pauni 275, lakini kifaa chenyewe hakimo katika hesabu hiyo.

Wakili wa “usiposhinda hulipi” anaruhusiwa, katika England na Wales, kukata hadi asilimia 25 ya fidia ya maumivu na ya hasara iliyokwisha kutokea. Kabla ya kutia saini mwulize nani atamlipa mtaalamu wa kukagua kifaa, na kitahifadhiwa wapi. Asiyejali swali hilo la pili mwache, utafute mwingine.

Muda wa kufungua kesi ni miaka 3 tangu kuumia, au tangu ulipojua kwamba jeraha lilitokana na kifaa hicho. Kwa mtoto, huko England na Wales, hiyo mitatu huanza kuhesabiwa anapofikisha miaka 18. Juu ya yote kuna ukomo wa miaka 10 tangu mtengenezaji alipokiingiza kifaa sokoni, nao haumngoji hata mtoto. Wanaonunua vyombo vya mitumba waangalie sana hapo.

Si lazima aliyeumia awe ndiye mnunuzi. Mama aliyekuja kukulelea mtoto akaunguzwa na birika lako ana dai lake mwenyewe, na halifi kwa sababu viza yake imeisha. Kabla hajapanda ndege aandike maelezo yake na kuyatia saini, achukue barua ya hospitali, aonane na wakili, na birika libaki kwako, kabatini, likiwa limefungwa na kuandikwa tarehe.