Una VVU? Ulizia na homa ya ini B, na usije ukaacha dawa kienyeji

Kuna watu wako kwenye dawa miaka na miaka, virusi havionekani kwenye kipimo, ila homa ya ini B hawajawahi kupima hata siku moja. Siku ya kliniki muulize nesi wazi wazi, "hivi mie nilishapimwa homa ya ini B?", maana foleni ya CTC (kliniki ya dawa za VVU) kila mtu ana haraka, usipouliza unapitilizwa. Kipimo chenyewe tone la damu tu.

Ikija negativu omba chanjo, sindano tatu, ya pili baada ya mwezi, ya mwisho mwezi wa sita, na hiyo ya mwisho ndo wengi wanaisahau so weka alamu kwenye simu.

Ikija positivu usipaniki. Chukua kopo lako la TLD, kile kidonge cha VVU, soma ubavuni: tenofovir 300, lamivudine 300, dolutegravir 50. Hizo mbili za mwanzo zinabana virusi vya B pia, yani kidonge kimoja kinafanya kazi mbili bila wewe kujua. Sasa ubaya uko hapa, ukiacha kidonge B inaamka kwa hasira na ini linaweza kufeli kabisa. Kwa hiyo hata siku wanakubadilishia dawa, labda figo zinasumbua, sema palepale "mie nina B", wasije wakatoa tenofovir bila kuweka dawa nyingine ya B.

Homa ya ini C ni habari nyingine, haina chanjo ila inapona, vidonge wiki 12 mara nyingi.

Halafu TB. Ile dawa ya kukukinga na TB, INH (isoniazid), ya miezi sita inapita kwenye ini hilohilo, kwa hiyo bia weka pembeni kwanza, najua inauma. Ukiona macho ya njano, mkojo kama chai ya rangi iliyokolea, chakula hakipandi, simamisha INH uwahi kliniki siku hiyohiyo usingoje tarehe yako, lakini TLD usiiguse mpaka daktari aseme. Na kama unatibiwa TB yenyewe kwa dawa zenye rifampicin, utaongezewa dolutegravir nyingine ya kumeza masaa 12 baada ya TLD, usiidharau kwamba ni nyongeza tu.

CD4 (kipimo cha kinga ya mwili) ikiwa chini ya 200 meza septrini, dawa ya kuzuia maambukizi, kila siku (ndio, ni kubwa, ivunje katikati), na kichwa kikiuma siku kadhaa mfululizo, unatapika, shingo imekaza, usikae unanunua panadol dukani, inaweza kuwa fangasi ya kwenye ubongo hiyo, wahi hospitali.

Mitishamba ya kusafisha ini achana nayo, mingine ndo inaliumiza. Na karanga au mahindi yenye ukungu tupa, ile sumu yake ikikutana na B hatari ya kansa ya ini inapanda sana, na usidhani ukizikaanga inatoka.