Shimo la leo kwenye tuta la mrushaji lizibwe leo

Nilipokabidhiwa uwanja wa besiboli wa watoto, nilidhani kazi ni kufyeka nyasi na kuchora mistari ya chokaa. Tuta la mrushaji, yaani kilima kidogo cha udongo anaposimama kurusha mpira, likichimbika, nalitupia koleo mbili za mchanga mkavu, nakanyagakanyaga, naenda zangu. Kesho yake mchezo haujafika nusu, shimo limerudi vilevile. Msimu huo mtoto mmoja aliteguka kifundo cha mguu humo, nami nikaacha uvivu.

Tuta huliwa mahali pawili: mbele ya kibao cha raba anachokanyaga mrushaji, mguu wa nyuma unapojisukumia, na chini kidogo kwenye mteremko, mguu wa mbele unapotua. Hapo panataka udongo wa mfinyanzi. Mchanga hauhimili njumu hata siku moja.

Mchezo ukiisha tu, shika ufagio. Toa vumbi na mabonge yote mpaka ukute sakafu ngumu. Ukiziba juu ya vumbi umejenga juu ya maji. Nyunyiza maji kidogo, kisha kwaruza kwa reki ili udongo mpya upate pa kushika. Weka mfinyanzi wenye unyevu, tabaka la sentimita mbili au tatu, shindilia, ongeza jingine, shindilia tena, hadi lilingane na pembeni. Unyevu naupima kwa kiganja: nikifinya, donge libaki na umbo lake bila kuninata mkononi. Likinata, nasubiri. Chuma cha kushindilia kivishe mfuko wa nailoni, la sivyo kila ukikiinua kitaondoka na kazi yako. Mwisho, tandaza juu udongo mwepesi wa uwanjani, kiasi cha kufunika tu, viatu visigande.

Vipimo: katika Little League, ligi ya besiboli ya watoto, kwa watoto wa miaka 12 kushuka chini, tuta huwa na inchi 6, yaani kama sentimita 15, juu ya usawa wa bamba la nyumbani (pale anaposimama mpigaji), na kibao kiko futi 46 kutoka ncha ya nyuma ya bamba hilo. Zile inchi 10 za ligi kuu ya Marekani waachie wakubwa. Mimi hupima kwa uzi na pima maji kila mwanzo wa msimu, maana udongo unaoongezwa kidogo kidogo hulinyanyua tuta bila mtu kujua.

Adui mwingine ni ukavu. Mfinyanzi ukikauka hupasuka, na ufa ndiyo mlango wa shimo. Kwa hiyo nanyunyiza jioni, nafunika kwa turubai. Pembe nne naziwekea matairi chakavu na jingine katikati, kwani upepo ukiinua ukingo, mvua huingia na kukaa chini, asubuhi unakuta tope palepale ulipotokwa jasho. Jua likichomoza, lifunue tuta mapema. Nyasi za pembeni zikipikwa chini ya turubai zitageuka njano.