Jinsi ya Kuchagua na Kutunza Kidani cha Udi: Mwongozo wa Fundi wa Dodoma

Kidani cha udi kikikupiga harufu puani kabla hujakishika, kirudishe mezani. Hilo ndilo la kwanza ninalomwambia kila anayefika kibandani kwangu hapa Dodoma, awe anatafuta msalaba, kidani chenye jina la Allah au shanga za tasbihi. Kazi yangu ni kutunga tasbihi na rozari, kurekebisha zilizokatika na kuchonga vidani vidogo. Mapenzi ya kukusanya udi yalikuja yenyewe, kwa kuushika kila siku.

Udi halisi ni mpole. Harufu yake imefungwa ndani ya utomvu na hutoka taratibu ukipata joto. Kinachonukia hadi barabarani mara nyingi ni mti wa kawaida uliolowekwa kwenye manukato. Kwa hiyo utakapokagua kidani chenyewe, pua itakuja baada ya macho na mizani.

Hatua ya 1: Ujue mti wenyewe

Udi hutoka kwenye miti ya Aquilaria na ndugu zake Gyrinops. Miti hii huota kuanzia kaskazini mashariki mwa India, kupitia Vietnam, Kambodia, Malaysia na Indonesia, hadi Papua New Guinea. Ukiwa mzima, mti huu ni mweupe, mwepesi, wala huna cha kunusa. Ukijeruhiwa na wadudu, upepo au panga, kuvu huingia kwenye kidonda, nao mti hujilinda kwa kutoa utomvu mweusi unaojaza sehemu ile. Sehemu hiyo iliyojaa utomvu ndiyo udi. Siku hizi kuna mashamba ambako miti hutobolewa makusudi na kutiwa dawa au kuvu ili utomvu usichelewe. Udi wa shambani usiuite feki. Ni udi, ila mara nyingi utomvu wake ni mchache na bei yake inapaswa kuwa chini.

Muuzaji akikuambia udi wake umevunwa Kondoa au Mpwapwa, anakuuzia mti mwingine. Huku kwetu kuna msandali, Osyris lanceolata kwa jina la kitaalamu, nao unanukia vizuri, lakini ni harufu laini yenye utamu, haina ule uchungu wa udi kwa mbali.

Hatua ya 2: Fundisha pua kabla ya kufungua pochi

Usianze na kidani. Nenda kwenye maduka ya ubani, nunua vipande vidogo vya udi wa kufukiza kutoka kwa wauzaji wawili au watatu tofauti, gramu chache tu. Washa kaa kwenye chetezo, lifunike kwa majivu, tandika kipande kidogo cha foili juu yake, kisha weka udi juu ya foili. Unataka uive, usiungue. Udi wenye utomvu hutoa jasho jeusi linalong'aa, na harufu yake hubadilika: huanza na utamu, huja uchungu kama wa dawa, mwishoni hubaki kitu kizito kinachokaa kwenye nguo hadi kesho. Manukato ya kupaka hutoka yote kwa mkupuo, kisha unabaki na harufu ya kuni.

Rudia mpaka uweze kutofautisha ukiwa umefumba macho.

Baridi nayo hudanganya. Mzee mmoja aliniletea tasbihi aliyorudi nayo Makka, uso umemshuka.

"Fundi, hii huko ilikuwa inanukia. Mbona sasa imenyamaza?"

"Shikamoo mzee. Ulikuwa umeiweka wapi?"

"Sandukuni. Tangu mwezi wa saba."

Nikamwomba aifumbate mkononi huku tukizungumzia mvua. Alipofungua kiganja akainusa, akacheka, akaivaa shingoni bila kuongeza neno. Ile ilikuwa ya kweli.

Hatua ya 3: Tazama kichwa cha mti, siyo mgongo

Beba lenzi ndogo ya sonara. Watu wengi hutazama uso wa kidani, mahali ambapo rangi na mng'aro vimepakwa kwa ajili yao. Wewe tafuta pale ambapo nyuzi za mti zimekatwa kwa kukingama: chini ya kidani, ncha za mikono ya msalaba, au ukingo wa tundu la uzi.

Mti wa Aquilaria una alama ambayo miti mingi haina. Kwenye mkato huo utaona visiwa vidogo vya nyama laini vimetawanyika katikati ya mti mgumu, na utomvu hupenda kukusanyika humo. Kwa lenzi ni madoa meusi au ya kahawia, hayalingani kwa ukubwa, kila moja lina mpaka uliofifia. Geuza kidani utazame ubavuni: madoa yaleyale sasa ni mistari mifupi iliyokatikakatika, inayofuata urefu wa mti. Mistari ya ubavuni lazima ikutane na madoa ya kichwani. Ukiona mistari mizuri ubavuni halafu kichwani ni weusi mtupu, hiyo ni rangi. Ukiona chembechembe zisizo na mwelekeo wowote, huo ni unga uliochanganywa na gundi ukashindiliwa kwenye kalibu. Vidani vya unga vina dalili nyingine: ukivipanga vitano, vyote vina kovu lilelile mahali palepale.

Kidani cheusi tii, kizito na laini kinaweza kuwa mpingo. Hakuna ubaya, mpingo ni mti wa heshima na wachongaji wa Kimakonde wameupa sifa dunia nzima. Ubaya ni kuulipa kwa bei ya udi.

Hatua ya 4: Pima, usikisie

Utaambiwa, "Udi wa kweli huzama." Nusu kweli. Mti wa Aquilaria usio na utomvu una uzito wa karibu gramu 0.4 kwa sentimita moja ya ujazo. Utomvu ukiongezeka, uzito nao hupanda, na ukipita gramu 1 unazama. Udi unaozama ni adimu na ghali sana. Vidani vingi vya kweli huelea. Mpingo kwa upande wake huzama bila shida, na wapo wanaoficha madini ya risasi ndani ya kidani.

Fanya hivi. Weka glasi ya maji kwenye mizani ya kidijitali kama ya sonara, irudishe kwenye sifuri. Funga kidani kwa uzi mwembamba, kizamishe kisiguse chini wala pembeni. Kikielea, kisukume kwa ncha ya sindano mpaka kizame chote. Gramu utakazosoma ndizo sentimita za ujazo wake. Kitoe haraka, kikaushe kwa kitambaa, kisha gawa uzito wake mkavu kwa ujazo huo. Kidani cha gramu 9 chenye ujazo wa 12 kinatoa 0.75: kina utomvu wa kutosha, na muuzaji asikulipishe bei ya unaozama. Kidani chenye ufa au kofia ya fedha iliyogundishwa usikitie majini.

Kwa tasbihi huhitaji maji. Shanga ya duara ya milimita 10 ina ujazo wa karibu 0.52, kwa hiyo shanga 33 ni kama sentimita 17 za ujazo. Zipime bila kishada. Zikija gramu 12, 12 gawa kwa 17 ni karibu 0.7, unajua uko wapi.

Hatua ya 5: Vumbi la tundu

Muuzaji mwaminifu hatakataa ukiomba kukwangua kidogo ndani ya tundu la uzi kwa sindano. Vumbi hilo liweke kwenye foili ya hatua ya 2. Gundi itanuka plastiki au nywele zilizoungua. Wengine huchoma kidani chenyewe kwa sindano ya moto. Sishauri, kovu halitoki.

Hatua ya 6: Soma mkono wa fundi

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu zaidi, na ndipo wakusanyaji wanapoachana na wanunuzi wa kawaida.

Mchongaji mzuri wa udi huufuata utomvu. Huondoa mti mweupe na kuacha mweusi, kwa hiyo umbo huamuliwa nusu na yeye, nusu na kidonda cha mti. Vidani vingi vya udi ni vya Kibudha, kutoka China, Taiwan na Vietnam, na hata kama dini si yako vinakufundisha kutazama. Kwenye sanamu ndogo ya Guanyin, mtakatifu wa huruma wa Wabudha, mkunjo wa joho unaweza kuwa umepita palepale mshipa wa utomvu unapopita, na shimo lililoachwa na kuoza limegeuzwa kuwa pango nyuma ya kichwa. Kidani kilicholingana kulia na kushoto bila kasoro, chenye weusi uleule kila mahali, kinanitia shaka.

Mashine nayo ina mwandiko wake. Ncha inayozunguka haiwezi kuacha kona kali ya ndani, hivyo kona zake ni za mviringo, na chini ya lenzi utaona ngazi ndogo sambamba ambazo msasa haukufika. Patasi huacha kona inayokata na mikwaruzo ya urefu tofauti.

Kwa maandishi ya Kiarabu, mpe anayesoma akague kwanza. Nimeshika vidani vya ayatul kursi vyenye nukta zilizopotea na herufi zilizounganishwa mahali pasipotakiwa. Aliyechonga alikuwa anachora picha, haandiki. Kwa msalaba, angalia nyuzi za mti zinaelekea wapi. Zikienda na mti mrefu wa msalaba, mikono ya pembeni ina nyuzi fupi na itavunjika ukijikwaa tu. Fundi anayejua huacha mikono minene kidogo, au huunganisha vipande viwili kwa kukata nusu kwa nusu. Na Wakristo wanaodhani udi ni wa msikitini peke yake wakafungue Zaburi ya 45, waone udi unavyotajwa.

Hatua ya 7: Karatasi

Udi uko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Aquilaria malaccensis iliingia Kiambatisho cha II, orodha ya viumbe wanaouzwa nje kwa kibali, mwaka 1995, na mkutano wa Bangkok wa 2004 ukaongeza aina zote za Aquilaria na Gyrinops. Shanga, tasbihi na vinyago havimo kwenye msamaha wa bidhaa zilizofungashwa tayari kwa rejareja. Msafiri, akiwemo hujaji, ana nafuu yake kwa matumizi binafsi: vipande visivyozidi kilo 1, mafuta mililita 24, na seti mbili za shanga au tasbihi, mradi avivae au awe navyo kwenye mizigo yake. Kifurushi cha posta hakihesabiwi humo. Ukiagiza mtandaoni, mwulize muuzaji kibali kabla ya kutuma pesa. Msandali wa Afrika Mashariki nao umo Kiambatisho cha II tangu 2013.

Hatua ya 8: Kiangazi cha Dodoma

Mvua yetu ni ya Desemba hadi Aprili. Baada ya hapo ni ukavu na upepo, na hapo ndipo vidani vinapopasuka. Treni ya SGR inakitoa kidani kwenye unyevu wa Dar es Salaam na kukifikisha huku kwa saa chache, lakini mti hauna mwendo kasi. Kikifika, kiweke kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na kifungashio chake, fungua dakika chache kila siku, ongeza taratibu kwa wiki mbili au tatu. Chenye mti mweupe mwingi kihurumie zaidi.

Kivae mchana, usiku kirudishe koponi. Usikiache kwenye dashibodi ya gari. Usikipake mafuta ya kula, losheni wala pafyumu. Jasho la mwili linatosha, na vumbi liondoe kwa mswaki laini mkavu. Kila kidani kiwe na ukurasa kwenye daftari: uzito, ujazo, ulikonunua, risiti. Kipime tena mwezi wa kumi. Kitakuwa kimepungua kidogo kwa kukauka, usimkimbilie muuzaji.

Uzi ukiuona umekuwa mweusi na mwembamba penye tundu, ubadilishe kabla haujakatika. Na ukikatika, okota shanga zote uzihesabu kabla hujatoka nyumbani. Tasbihi ya 33 ikinifikia na 31, sina pa kutoa udi wa kufanana nao.