Kufunga Siti za Volkswagen Beetle ya Zamani: Anza na Sakafu

Mwongozo huu unahusu Volkswagen Beetle ambazo reli za siti za mbele zimechomelewa kwenye sakafu ya gari. Hapa Dar es Salaam wamiliki wengi hukimbilia kwa fundi siti wakati gari bado liko kwa fundi bodi, kwa kuwa leza mpya hupendeza macho. Utaratibu ninaoushauri ni kinyume chake, kwa sababu siti haiwezi kuwa imara kuliko bati lililoibeba.

Hatua ya kwanza: kagua sakafu
Ng'oa kapeti na lami yote ya zamani, kisha gongagonga kandokando ya reli kwa ncha ya bisibisi. Chuma kizima hulia, lakini kilicholiwa hutoa sauti iliyokufa na ncha huzama. Hewa ya chumvi pamoja na maji ya masika yanayopenya kwenye mipira ya milango iliyochoka hula zaidi pembe za sakafu na eneo lililo chini ya betri. Usikubali kiraka cha bati jepesi kilichopigwa riveti chini ya reli. Sehemu hiyo ikatwe na ichomelewe bati lenye unene wa lile la asili.

Hatua ya pili: weka reli sambamba
Reli ikibidi kubadilishwa, mwambie fundi aishikize kwanza kwa nukta chache tu za kuchomelea. Pima kwa futi kamba umbali kati ya reli mbili, mbele na nyuma, halafu ingiza fremu tupu ya siti na uisogeze mwanzo hadi mwisho. Ikikwama hata kidogo, rekebisha sasa, kwa maana baada ya kuchomelea moja kwa moja hakuna marekebisho rahisi. Baada ya hapo piga msasa, praima na rangi, kisha paka grisi nyepesi na ufunge vitelezi vipya, yaani vipande vinavyoisaidia siti kuteleza kwenye reli.

Hatua ya tatu: fremu na ujazo
Fremu isafishwe kwa brashi ya waya, springi zilizovunjika zibadilishwe, na chuma chote kipakwe rangi. Juu ya springi tandika gunia la katani, ili zisikate ujazo. Siti nyingi za magari haya zilijazwa usumba uliogandishwa kwa mpira, nao ukiwa bado haujamomonyoka, ni vema kuutunza, kwani unapitisha hewa, jambo lenye thamani kubwa katika joto la Dar es Salaam. Fundi akilazimika kutumia sponji, achague ngumu na afuate kimo cha zamani. Sponji nene humwinua dereva hadi kichwa kikakaribia paa na huvuta mishono ya kava.

Hatua ya nne: siti ya nyuma na betri
Hapa naomba umakini wa pekee. Betri ya gari hili hukaa chini ya siti ya nyuma, upande wa kulia. Abiria mzito anapoketi, springi hushuka, na zikigusa nguzo za betri hutoa cheche zinazoweza kuwasha gunia na usumba kwa muda mfupi sana. Betri nyingi zinazouzwa madukani ni ndefu kuliko ile iliyokusudiwa, hivyo pima kimo chake kabla ya kununua. Ifunge kwa mkanda wake isihame, ifunike kwa kifuniko kisichopitisha umeme, kisha weka siti, mketishe mtu mzima, na baadaye uinue siti uangalie kama kifuniko kina alama yoyote ya kukandamizwa. Ikiwepo, betri hiyo haifai.

Hatua ya tano: mikanda na kufuli ya siti
Kapeti itangulie, siti zifuate. Matundu ya mikanda ya usalama kwenye gari hili huwa na nyuzi za inchi 7/16, si za milimita kama bolti nyingine, kwa hiyo usilazimishe bolti yoyote iliyoko mkononi. Anza kwa vidole, kisha kaza kwa spana. Ingiza siti ya mbele, hakikisha kizuizi cha mwisho wa reli kimerudi mahali pake, na ujaribu kufuli, yaani kifaa kinachoizuia siti isiteleze kwenye reli, katika kila tundu kwa kusukuma siti kwa nguvu mbele na nyuma. Halafu endesha polepole uwanjani na ushike breki ghafla. Siti ikiteleza hata tundu moja, gari lisiingie barabarani hadi springi ya kufuli ibadilishwe.