Somo: Kagua utando wa jicho lako mbele ya kioo

Ule weupe wa jicho unaouona hauko wazi hewani. Umefunikwa na utando mwembamba, usio na rangi, wenye mishipa midogo ya damu. Madaktari huuita konjaktiva. Wengi huujua siku unapowasha na kuwa mwekundu, nami ningependa uujue ukiwa mzima, ili ukibadilika utambue mapema.

Tafuta kioo na mwanga wa dirishani. Nawa mikono kwa sabuni kwanza, maana maradhi mengi ya utando huu hubebwa na vidole.

Hatua ya 1. Tazama mbele. Vimishipa vichache vyekundu ni kawaida. Weupe ukiwa wa manjano macho yote mawili, nenda ukapimwe. Utando unaishia ukingoni mwa konea, sehemu angavu iliyo mbele ya mboni, wala hauifuniki.

Hatua ya 2. Vuta kope ya chini taratibu huku ukitazama juu. Hapa ndipo penye somo lenyewe. Utando uleule unaanzia ukingoni mwa kope, unashuka ukiwa umeshikamana nayo, unajikunja, kisha unapanda juu ya jicho. Mkunjo huo una ulegevu, ndiyo maana jicho linageuka huku na huku bila kuvutwa. Tena unafunga njia: mdudu au lenzi haiwezi kupotelea nyuma ya jicho, hofu ninayoisikia mara nyingi. Dawa ya matone nayo huwekwa hapo, tone moja, kisha unafumba jicho kwa dakika moja hivi.

Angalia na rangi. Wekundu mwepesi ni dalili njema. Ukikuta pamepauka, huenda damu imepungua, ingawa kipimo cha damu ndicho kinachothibitisha.

Hatua ya 3. Kona ya ndani kuna kinyama kidogo chekundu. Ni chako tangu kuzaliwa, usikiguse.

Hatua ya 4. Pepesa macho. Seli za utando hutoa ute unaoyafanya machozi yatandae sawasawa juu ya konea. Bila ute huo jicho hukauka hata kama machozi yapo. Utando pia una chembe za kinga zinazopambana na vijidudu.

Kope ya juu usijigeuzie, mwachie mtaalamu. Huko ndiko trakoma, yaani vikope, huacha makovu yanayoikunja kope kwa ndani hadi nywele zake zikwangue konea. Kuosha nyuso za watoto kila siku husaidia kuizuia.

MASWALI

Mwalimu, mwanangu wa miaka minne macho ni mekundu na yana tongo. Mama mkwe anasema nimkamulie maziwa ya mama.

Pole dada. Usimkamulie, maziwa hayatibu na yanaweza kuongeza vijidudu. Mfute kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kila jicho na kitambaa chake, na taulo lake lisitumiwe na mwingine. Macho mekundu yaliyoenea Dar es Salaam mwanzoni mwa 2024 yalikuwa ya virusi, na antibiotiki haiui virusi. Akiogopa mwanga au asipoona vizuri, mpeleke hospitali leo. Kwa mtoto mchanga usisubiri hata dalili hizo.

Nimeamka na damu kwenye weupe, ila haliumi.

Kimshipa kimepasuka chini ya utando. Damu hiyo hufyonzwa yenyewe ndani ya wiki mbili hivi. Pima presha. Kama uligongwa au unaona ukungu, wahi kwa daktari.

Mimi ni bodaboda. Kuna kinyama kinatambaa kutoka kona kuelekea mboni, natumia dawa ya dukani.

Kaka, acha hiyo dawa kwanza. Matone mengine yana steroidi, na yakitumiwa muda mrefu hupandisha presha ya jicho. Jua, upepo na vumbi huotesha kinyama hicho, hivyo vaa miwani barabarani. Lakini saratani ya utando huu, ambayo huku kwetu huwapata zaidi wanaoishi na VVU, huweza kufanana nacho kabisa. Nenda kliniki ya macho wiki hii wakichunguze kwa mashine.