Kazi mpya ikija, mwonyeshe bosi orodha

Kwenye kampuni kubwa, mara nyingi anayekuongezea kazi hajui kwamba wenzake wameshakupa nyingine. Kwa hiyo usikimbilie kusema "sawa bosi". Andika kwenye ukurasa mmoja kila ulichonacho mezani: kazi yenyewe, aliyekupa, siku ya kukabidhi na saa unazokadiria. Kisha muulize: "Hii naweza kuifanya. Kati ya ripoti ya robo mwaka na mafunzo ya wafanyakazi wapya, ipi isubiri?" Akishajibu, mwandikie barua pepe fupi ya kuthibitisha siku hiyohiyo. Hapo ndipo wengi huteleza, maana makubaliano ya mdomo husahaulika upesi na lawama hubaki kwako.

Na tafadhali, usijione mvivu. Shirika la Afya Duniani, katika ICD-11 (orodha yake ya kimataifa ya magonjwa na hali nyingine za kiafya) iliyoanza kutumika 2022, linaueleza uchovu wa kuzidiwa na kazi (burnout) kuwa matokeo ya msongo sugu wa kazini usiodhibitiwa: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi, ufanisi kushuka. (Halikuuita ugonjwa.) Ukiona hali hiyo inaendelea hata baada ya likizo, muone daktari na umweleze ratiba yako ya kazi ilivyo.